Msaji Mtupu

Shemeji alinipigia simu Jumatano asubuhi, akaniuliza kama mikono yangu imeanza kutetemeka. Nikamjibu kwamba haijatetemeka hata siku moja, na aliyemwambia hivyo ana lake jambo.

"Basi njoo na msasa wako, Msasa," akasema. "Jumamosi nahamia kwa mwanangu. Kuna kabati siwezi kwenda nalo jinsi lilivyo."

Hatuna undugu wa damu. Namwita shemeji kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyenifundisha kazi, na katika karakana yetu aliyekufundisha kazi alikuwa kaka yako mkubwa, upende usipende. Jina la Msasa alinipa shemeji mwenyewe, siku za mwanzo nilipokuwa nikila kwake mchana, na alisema ni kwa ajili ya ulimi wangu wala si kwa ajili ya kazi. Mumewe tulimwita Kipimo. Hakukata ubao kabla ya kuupima mara tatu, na mara ya tatu alikupa wewe upime ili apate cha kukuchekea. Alikuwa na miezi mitano kaburini.

Nilifika saa tatu siku ile ile. Nyumba ilikuwa imeshaanza kuwa ya watu wengine. Mapazia yameshushwa, ukutani kumebaki misumari, na katikati ya sebule binti yake amepiga magoti akifunga vikombe kwa magazeti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona unakifunga kikombe kama mgonjwa wa mguu?"

"Ndivyo mama anavyotaka. Na hilo kabati pia nimemwambia tulitupie kitambaa juu, kwisha habari. Nani atafunua?"

"Mimi nitafunua," mama yake akasema kutoka mlangoni. "Kufunika si kutengeneza. Wewe si ulikuwa unakwenda kutafuta gari?"

Binti akaondoka akiguna, tukabaki sisi wawili na kabati.

Lilikuwa kabati la sebuleni, kimo chake kiunoni, refu kiasi cha mtu aliyelala, na lina droo tatu juu ya milango miwili, vishikio vyake vya shaba. Kipimo alilitengeneza kwa mkono wake mwaka aliooa, kabla mimi sijaijua hata randa inashikwaje. Mgeni hakuketi katika sebule ile kabla mwenye nyumba hajaligonga kwa kifundo cha kidole na kusema, "Msaji mtupu," yaani mbao hiyo ngumu ya thamani, bila kuchanganywa na kitu. Mteja akileta ubishi karakanani, Kipimo alimwambia, nenda nyumbani kwangu ukatazame kazi, kisha urudi tuzungumze. Wengi walikwenda kweli. Nami nilipofungua karakana yangu niliyarudia maneno hayo hayo: nendeni kwa mwalimu wangu mkaone msaji mtupu.

Niliinama nikalitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, maana mkwaruzo hautazamwi kwa mbele, unatazamwa kwa ubavu. Midogo ilikuwa mingi. Kulikuwa na duara la kikombe cha moto. Kulikuwa na michirizi ya kucha za paka aliyekufa zamani. Mahali ilipokaa sinia ya dawa za marehemu palikuwa pamechubuka kote, kwa kuvutwa na kusukumwa kutwa mara tatu. Nilipitisha ukucha juu ya kila mmoja. Ukucha ukiteleza bila kukwama, jeraha liko kwenye vanishi tu, halijafika kwenye nyama, na hilo ni la kuponywa kwa nta na subira. Ukucha ukikwama, ujue mti wenyewe umekatwa.

Kisha kulikuwa na ule mmoja. Ulianzia karibu na kona ya kushoto ukaenda hadi ukaribia kona ya kulia, umepinda kidogo katikati kama njia ya mlevi. Hapo ukucha haukukwama tu, ulizama.

Mkwaruzo ule niliujua miaka ishirini na miwili. Sote wa karakana tuliujua, na sote tulijua kwamba hauulizwi. Kipimo, ambaye alikuwa akipita nyumba za majirani na kuwatengenezea meza zao bure kwa kuwa hakuweza kunywa chai juu ya meza iliyochubuka, aliishi na ule wake sebuleni kama mtu anayeishi na nyoka ndani ya paa.

"Nilifanya mimi," Shemeji akasema. "Kwa funguo."

Nikavua miwani, nikaifuta.

"Alipokufa mama yangu, mume wangu alikuwa na oda ya madawati ya shule. Akaniambia tangulia, nakuja. Nikatangulia. Tukasubiri. Tukazika. Hakuja. Niliporudi sikumkuta, yuko kazini. Nikaingia hapa na mkoba wangu begani, nikatazama kitu alichokipenda kuliko vyote, nikachukua funguo za nyumba." Alionyesha kwa mkono, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, wala hakuligusa kabati. "Jioni akaja, akaona, akaenda kunawa mikono. Hakusema neno."

"Hata baadaye?"

"Baada ya mwaka nilimuuliza mimi. Nikamwambia, baba watoto, utauondoa lini huu? Akasema, 'Uache.' Neno hilo moja. Basi nikaelewa. Ubaki hapo niutazame kila ninapopanga vyombo." Akaketi kwenye ukingo wa kiti. "Niliomba msamaha, Msasa. Si kwa mdomo, mdomo ulikataa. Lakini nilimpikia msamaha, nikamfulia msamaha, nikamuuguza miezi tisa. Hakuniambia nimekusamehe. Amekwenda na neno hilo. Sasa mimi siwezi kuingia nyumbani kwa mwanangu na ugomvi niliouchora kwa mkono wangu. Niondolee. Usiuzibe, uondoe."

Nilimwambia itachukua siku mbili. Kisha nikamwambia neno la majivuno, ambalo sijalisahau: kwamba msaji mtupu unavumilia, hata ukiukwangua unene wa kidole utabaki msaji.

Asubuhi nilifanya midogo. Nta niliiyeyusha na rangi ya viatu ya kahawia kidogo, nikaisugua kwa kitambaa cha fulana kuukuu, nikifuata nyuzi za mbao, kamwe si kukata njia. Duara la kikombe lilitoka kwa mafuta na jivu laini. Alama za sinia zilinichukua muda, na nilipozimaliza Shemeji alikuja akatazama, akasema, "Kama hakuugua," akarudi jikoni.

Mchana nikaanza ule mkubwa.

Kipimo alitufundisha sheria nyingi, lakini iliyotangulia zote ilikuwa hii: kabla ya msasa, tazama tumbo. Vuta droo, pindua kiti, lala chini ya meza, utazame upande ambao mwenye nyumba hautazami. Mbao za siku hizi zimevaa kama wapangaji siku ya kukaguliwa, alisema. Juu suti, chini matambara. Mimi nimewafukuza vijana watatu karakanani kwangu kwa kuivunja sheria hiyo. Na siku ile sikutazama. Kwa nini nitazame? Ningekuwa namkagua mwalimu wangu. Ukingo wa mbele niliuona, msaji. Ukingo wa pembeni, msaji. Nikachukua msasa namba mia na ishirini, ule mkali, nikaufunga kwenye kipande cha mti, nikasugua.

Vumbi la msaji lina harufu yake, kama ya ngozi iliyopakwa mafuta. Nilikuwa nikiivuta kwa raha. Sijui ilikoma lini. Ninachojua ni kwamba nilipopuliza vumbi, katikati ya mkwaruzo, pale ulipopinda, palikuwa na doa la ukubwa wa jani la mchungwa, na doa lile lilikuwa jeupe.

Nilidhani ni chaki. Nikatema mate kidogo kwenye kidole, nikalifuta. Likazidi kuwa jeupe.

Nilisimama pale kama mtu aliyemvua mzee mwenzake nguo njiani. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya asubuhi. Nikavuta droo ya kati, nikaitoa nzima, nikawasha tochi ya simu, nikaingiza kichwa. Chini ya ubao wa juu, palipopasuliwa na skrubu ya droo, niliona tabaka: nyeupe, kahawia, nyeupe, kahawia, kama kurasa za daftari lililolowa. Plaiwudi. Juu yake ganda la msaji ambalo unene wake haukuzidi ukucha, na pembeni kote amezungusha ukingo wa msaji wa kweli, umeungwa kwa kona safi kiasi kwamba mimi, mwenye miaka arobaini na minne ya kazi, nilikuwa nimeapa mbele ya watu kwa kabati lile.

"Limetoka?" Shemeji akauliza. Amekuja na chai.

Kitambaa changu kilikuwa tayari juu ya doa. Sikumbuki nilipokiweka.

"Bado."

"Mbona jasho?"

"Umri, shemeji."

"Si ulisema mikono haitetemeki," akasema, akaniwekea kikombe dirishani, mbali na kabati, akatoka.

Nilikunywa chai ile nikiwaza kama mwizi. Kuziba doa si kazi ngumu kwangu. Gundi, unga wa mbao, rangi mbili, brashi ya nywele chache ya kuchora nyuzi, vanishi juu. Jua likizama ningekuwa nimemaliza, na Jumamosi kabati lingepakiwa garini likiwa msaji mtupu kama lilivyokuwa. Jina la Kipimo lingebaki zima. Jina langu nalo, tusidanganyane, maana nilikuwa nimevunja sheria ya kwanza kama mtoto wa wiki ya kwanza. Niliunyanyua mkono kuchukua gundi.

Hapo ndipo nilipokumbuka lile neno, uache.

Mwalimu wangu wa shule ya jioni, nilipojifunza kuandika nikiwa na miaka thelathini na moja, alikuwa akisema usiandike neno kabla hujajiuliza litasomwaje na mtu asiyekuona uso. Shemeji alilisoma neno la mumewe miaka yote ile kwa namna moja. Lakini mtu anayejua kilichomo chini ya ganda hawezi kuuondoa mkwaruzo kama ule. Akipiga msasa, weupe unatoka. Akiuziba kwa nta, au hata kwa gundi na rangi, sisi tuliojua ulipo tutaona kiraka, na tutauliza, fundi mkubwa kama wewe kwa nini hukuusugua? Akimwita mmoja wetu, mmoja wetu ataona. Kwa Kipimo hakukuwa na njia ila moja, nayo ni kutougusa, na kunyamaza.

Miaka ishirini na miwili mke alidhani anahukumiwa, na mume alikuwa amejificha.

Nikiuziba, mama huyu atakufa akiamini hakusamehewa. Nikisema, nitakuwa nimemvunjia marehemu kitu alichokilinda maisha yake yote, tena mbele ya mtu ambaye yeye alimficha kuliko wote. Niliketi juu ya sanduku la vyombo. Sikuomba ushauri kwa mtu, hakukuwa na wa kumwomba. Kisha nikaita.

"Shemeji. Njoo uone kitu. Na uje na hasira zako zote, utazihitaji."

Akaja akifuta mikono. Nikaondoa kitambaa.

"Nini hiki?"

"Plaiwudi."

"Plaiwudi imetoka wapi?"

"Ilikuwamo. Kabati si msaji, shemeji. Msaji ni ganda la juu na ukingo. Alilibandika. Nami nimelitoboa, kwa sababu sikutazama chini. Kosa hilo ni langu, lakini hili la plaiwudi si langu."

Alipitisha kidole kwenye doa, akakinusa kidole, kama mtu anayeonja chumvi.

"Alisema msaji mtupu."

"Alisema."

"Kwa baba yangu. Siku alipolileta, baba aliligonga hivi, akasema, huyu kijana ana kazi." Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mtupu! Basi hakudanganya, Msasa. Mtupu kweli kweli. Hauna kitu ndani!"

Alicheka peke yake. Mimi sikujua kama nimeruhusiwa.

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyoeleza kazi, moja baada ya jingine, kwa nini fundi aliyejua hangeweza kuusugua, kwa nini hangeweza kutuita. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye neno "uache" kicheko kilikuwa kimeshakwisha.

"Unataka kuniambia hakuwa amekasirika."

"Nataka kukwambia hakuuacha kwa ajili yako. Aliogopa."

"Aliogopa nini? Mimi?" Sauti ikapanda. "Miaka ishirini na miwili! Kwa sababu ya plaiwudi! Ningemfanya nini? Nilikuwa na watoto watatu naye, ningerudi kwetu kwa sababu ya plaiwudi? Angesema tu. Jioni moja angesema, mama watoto, nilikuwa kijana, sikuwa na msaji. Ningecheka, kama nilivyocheka sasa. Halafu tungelala." Akalipiga kabati kwa kiganja, droo zikagonga. "Mwanaume mzima!"

Alikuwa akisema na mwenye nyumba, si na mimi.

Kisha akaketi, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wiki zake za mwisho aliomba kitanda kiletwe hapa sebuleni. Tukakiweka pale, ubavuni mwa kabati. Alikuwa akinyoosha mkono anaupitia huo mkwaruzo kwa kidole, anakwenda anarudi. Halafu ananiita. 'Mama, njoo ukae hapa kidogo.' Mimi nikasema moyoni, ndiyo hii, sasa anataka kunisomea mashtaka kabla hajafa. Nikamwambia nina chungu motoni." Alitazama mahali kitanda kilipokuwa, palibaki alama nne za miguu kwenye zulia. "Sikuwa na chungu. Aliniita mara tatu, siku tatu mbalimbali. Mara zote nilikwenda nikasimama jikoni mpaka aliposinzia."

"Labda alitaka kukwambia."

"Usiniletee labda, Msasa. Wewe unajua mbao, hujui alichotaka kusema."

"Sijui," nikakubali.

"Basi usinipake vanishi."

Nje mtu alikuwa akiburuta kitu kizito barabarani. Nilitaka kumwambia kitu chema na sikukipata, na nimesoma vitabu vingi kuliko mafundi wengi ninaowajua. Chote nilichokuwa nacho kilikuwa kile nilichokwisha kukisema, kwa hiyo nikakirudia.

"Ninalolijua ni moja tu. Kama kabati lingekuwa msaji kweli, angeutengeneza siku ya pili, hata akiwa na kinyongo nawe, aupige msasa mpaka ung'ae, akuonyeshe ufundi wake. Kipimo tunamjua. Mkwaruzo ulibaki kwa sababu ya siri yake. Si kwa sababu ya funguo zako."

Aliokota kipande cha msasa sakafuni, akakigeuza huku na huku, akakirudisha kwenye mfuko wangu wa kazi.

"Unaweza kuliziba?"

"Naweza. Ila ulisema nisizibe, niondoe."

"Nilisema hivyo asubuhi, sikujua ninaondoa nini. Ziba."

"Na watoto, utawaambia?"

"Watoto wana baba yao," akasema. "Mimi nina mume wangu. Anza."

Nilitegemea ataondoka. Akavuta kiti akakileta ubavuni mwa kabati, pale palipokuwa na kitanda, akaketi. Nilichanganya gundi na unga wa msaji niliokuwa nimeukusanya mwenyewe kwa uchoyo wa kifundi, nikajaza mkwaruzo kutoka kushoto, nikausawazisha kwa kisu butu. Juu ya doa jeupe nikaweka rangi ya kwanza, ya manjano iliyokufa, nikaipulizia ikauke. Akauliza kwa nini si kahawia moja kwa moja. Nikamwambia msaji una manjano chini ya ukahawia wake, kama ngozi ya mtu ilivyo na damu chini. Akauliza kama Kipimo naye alifanya hivyo. Nikasema yeye ndiye aliyenifundisha.

Kisha brashi ya nywele chache. Kuchora nyuzi za mti si kazi ya haraka. Unatazama uzi wa kweli unapoishia kwenye doa, na ule unapoanzia upande wa pili, halafu unauvusha. Mmoja, mwingine, mwingine. Shemeji alinishikia tochi. Mara mbili binti yake alirudi na kuita kutoka uani kwamba gari limepatikana, na mara zote mbili alijibiwa, "Nimesikia, nina kazi hapa."

Vanishi ya kwanza niliipaka siku ile, ya pili Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nikaisugua kwa nta. Nilipomaliza nilimwita atazame. Alisimama mbele, akaenda kushoto, akainama kwenye ubavu karibu na dirisha kama alivyoniona nikifanya.

"Ninaliona," akasema.

Ningeweza kubisha. Mtu mwingine asingeliona, nina hakika nalo hadi leo.

"Ukijua pa kutazama, utaliona," nikamwambia. "Nikiweka tabaka jingine la vanishi litapungua."

"Hapana, inatosha." Aliweka kiganja juu yake, bado pana ubaridi wa nta, akakiacha hapo. "Nenda kanawe mikono, shemeji. Maji yako kwenye ndoo, bomba wameshalikata."

Nikaenda kunawa. Niliporudi kuchukua mfuko wangu nilimkuta ameketi pale pale, mkono pale pale, midomo inacheza bila sauti. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaurudisha taratibu usigonge.